Mnakuja Moshi kwa treni na watoto? Majibu ya maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu treni ya abiria irudi Moshi mwezi Desemba 2019, nyumba yetu imegeuka kituo. Aliyeanza ni rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi anaishi Kinyerezi. Alikuja na mumewe na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Aliporudi Dar akawasimulia majirani, majirani wakawasimulia dada zao, na sasa naulizwa na watu ambao hata sura zao sizijui. Maswali ni yale yale. Basi nayajibu hapa mara moja. Nami nimeisafiri njia hii na wanangu kwenda na kurudi, kwa hiyo siwasimulii habari za kusikia.

Hiyo treni ya Moshi ni SGR?

Hapana. Tulimalize hili kwanza, maana kuna baba mmoja aliwaahidi watoto treni ya umeme yenye kiyoyozi, akafika kwangu amenuna na watoto wamenuna.

SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha ikaendelea hadi Dodoma mwaka huohuo. Haiji huku. Inayokuja huku ni treni ya dizeli kwenye reli ya zamani, ile ambayo upana wake ni mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Waingereza wakaisukuma hadi Arusha mwaka 1929. Kwa miaka mingi Moshi iliunganishwa na Tanga, si na Dar. Kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, karibu na Korogwe, kilikamilika mwaka 1963, na ndicho mnachopita mpaka leo: mnatoka Dar mkielekea magharibi kama watu wanaokwenda Morogoro, mkifika Ruvu mnakunja kuelekea kaskazini. Baadaye abiria wakasahaulika kwa zaidi ya miaka ishirini. Arusha nayo ilifikiwa tena Oktoba 2020.

Hayo siyasemi kwa kupenda historia. Nataka mjue mnapanda chombo cha aina gani. Kinatembea polepole, kinayumba, kinapiga honi na kusimama mahali ambapo ninyi mnaona kichaka tu na watu wawili wenye baiskeli. Kwa mtoto wa miaka mitano, hakuna kitu kizuri kuliko hicho.

Mkifika Dar kukata tikiti, ulizeni wazi mnapandia wapi. Abiria wa SGR na abiria wa treni yetu hawapiti mlango mmoja.

Ni masaa mangapi?

Hesabuni hivi: mnaondoka Dar mchana au alasiri, mnalala njiani, mnaamka upande wa Same, mnafika Moshi asubuhi au kuelekea mchana. Ukitaka kuwahi, panda basi la alfajiri, utafika huku jua bado lipo.

Kuchelewa kupo, na sababu yake ni rahisi. Njia ni moja. Treni mbili zikikabiliana, mojawapo lazima iingie pembeni stesheni na kungoja mwenzake apite. Ya mizigo nayo ina zamu yake. Kwa hiyo usinipigie simu saa 1 asubuhi kuniambia "tumesimama", mimi najua mmesimama. Chai ipo kwenye chupa haipoi.

Wikiendi moja inatosha?

Kuja kunatosha. Kurudi ndiko kunakovuruga. Treni haisafiri kila siku, na mara nyingi siku yake ya kurudi Dar haiendani na mtu anayetaka kufungua ofisi Jumatatu. Watu wanakata tikiti ya kuja kwa shangwe, halafu Jumamosi jioni ndipo wanaanza kuulizana watarudije.

Ushauri wangu ni treni ya kuja, basi la kurudi. Ijumaa mnapanda, Jumamosi mko kwangu, Jumapili asubuhi mnapanda basi Stendi Kuu ya Moshi na jioni mko Stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwenye nafasi ya kuomba ruhusa ya Jumatatu aombe. Siku hiyo moja ya ziada itawapa watoto kulala bila kuamshwa. Ila angalieni ratiba ya wiki husika kabla ya kwenda kwa bosi, kwa sababu siku za treni hubadilishwa.

Na msiache basi likawa ndilo wazo la kwanza eti kwa sababu linawahi. Mtoto kwenye basi amefungwa mkanda masaa tisa, akitaka kukojoa ni kesi ya basi zima. Kwenye treni anatembea, anarudi, anatembea tena.

Tukate daraja gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari inapoharibika au kutengemaa.

Daraja la tatu ni viti, watu ni wengi, mizigo ni mingi, stori ni nyingi zaidi. Nilisafiri humo nikiwa msichana na nilifurahi. Nikiwa na watoto wawili wanaosinzia begani, sitarudia. Daraja la pili kukaa lina nafasi zaidi, lakini usiku bado ni usiku, na shingo ya mtoto aliyelala amekaa utaiuguza mpaka Jumapili.

Chukueni daraja la pili kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba msipokata chumba kizima, wanaume na wanawake hutenganishwa. Baba atapelekwa chumba cha wanaume, mama atabaki na watoto kati ya wanawake wengine, na mambo yote mliyopanga ya "mimi nitamshika mkubwa, wewe mdogo" yameishia hapo. Kama mko watano au sita, lipieni vitanda vyote sita mfunge mlango wenu. Kama mko wanne, tafuteni familia nyingine mchangie. Rafiki yangu wa Kinyerezi alikuja na wifi yake kwa ajili hiyohiyo, na hawajawahi kuelewana vizuri kama usiku ule.

Kitanda cha juu si cha mtoto, hata akilia. Wa chini ya miaka sita walale chini na mtu mzima upande wa nje. Mimi hufunga khanga kutoka kitanda cha kati hadi cha chini kama pazia: inazuia mwanga, na akibingirika usiku inamgusa kabla hajafika sakafuni. Vitanda vya juu wapeni akina baba.

Watoto nao wanalipiwa?

Wachanga hawalipi, wakubwa kidogo hulipa pungufu ya mtu mzima. Taja umri wa kila mmoja wakati wa kukata, na beba nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa yule ambaye kimo chake kinamsingizia. Watu wazima njooni na vitambulisho. Siku za karibu na Krismasi msingoje, kwa maana Wachaga wote wa Dar wanapanda mlima, na hilo si utani.

Tubebe chakula au tutanunua humo?

Vyote viwili, lakini tumbo la mtoto lisitegemee mnachotarajia kununua.

Kuna behewa la chakula, unapata chai, wali, kuku, soda. Ni pazuri pia kwa kukimbilia, mtoto anapochoka na chumba. Stesheni kubwa wauzaji huja mpaka dirishani na ndizi, machungwa, mayai, mahindi ya kuchoma. Shikeni chenji mkononi, kwa sababu treni haingoji mtu anayetafuta elfu moja kwenye begi. Mayai ya kuchemsha ni salama kuliko vyote, yana maganda yake.

Kutoka nyumbani bebeni chapati, maandazi, viazi vya kuchemsha, matunda ya kumenya, chupa ya maji ya moto kwa maziwa na uji wa mtoto. Msibebe wali wa nazi. Najua ni mtamu, najua mama mkwe ndiye aliyeupika, lakini umefungiwa kwenye kontena joto la Dar la saa 8 mchana. Kufika Korogwe umechacha. Niliwahi kubeba mimi. Tuliulisha giza la nje.

Maji ya kunywa: kadiria, kisha ongeza chupa mbili. Moja itamwagika, moja mtanawia mikono.

Choo?

Kipo, mwisho wa behewa. Mwanzoni mwa safari ni kisafi, alfajiri ni mambo mengine. Treni inayumba na mtoto mdogo anaogopa kuchuchumaa juu ya kitu kinachopiga kelele. Beba poti ndogo ya plastiki, mifuko ya kufungia, karatasi, waipsi, na kandambili za choo tu. Pampasi bebeni za ziada hata kwa mtoto aliyekwisha kuacha; usiku mmoja wa kurudi nyuma hautamwaibisha mbele ya yeyote.

Watoto watafanya nini muda wote huo?

Swali hili huulizwa na watu wazima. Watoto wenyewe hawajawahi kuniuliza.

Dirisha linatosha mpaka giza liingie. Pugu, mabonde ya Ruvu, watoto wa kule wanaokimbia kando ya reli wakipunga mikono, nao wa kwenu wanapunga. Wape kazi ya kusoma majina ya stesheni kwenye vibao, anayewahi anapata biskuti. Sheria moja tu: mikono na vichwa ndani, kwa sababu nguzo na matawi yako karibu kuliko yanavyoonekana. Wanangu waliisikia sheria hiyo kwa vichwa na mikono. Miguu sikuitaja. Wa pili akaning'iniza mguu dirishani jua linachomoza, na sandali yake ya kushoto ikabaki maeneo ya Same. Alishuka Moshi na kandambili zangu za chooni.

Usiku ni wa vitendawili. Taa imepunguzwa, magurudumu yanapiga mdundo wake, wewe unasema "Kitendawili!" na sauti nne kutoka vitanda vinne zinajibu "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Huku mmoja ameishika hiyo nyumba mkononi anaimenya, na bado hapati jibu. Simu ziwe za mwisho kabisa, zikiwa zimechajiwa nyumbani, pamoja na pawabanki.

Waamsheni saa 12 asubuhi, hata wakinuna. Mkishapita Same, milima ya Upare inawafuata upande wa kulia, kilele kimoja baada ya kingine, na mashamba ya mkonge yanapita kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Hiyo saa moja na nusu ndiyo mliyoilipia.

Tutauona mlima?

Kaeni upande wa kulia, mtazame mbele. Mlima una tabia zake: alfajiri hujionyesha, saa 4 hujifunika, jioni hufunua tena kidogo jua likizama. Machi hadi Mei, wakati wa masika, unaweza kukaa wiki nzima usiuone. Msiwaambie watoto "mtaona Kilimanjaro". Waambieni "tutautafuta". Kibo ni kile cheupe cha duara, mita 5,895. Kile chenye meno pembeni ni Mawenzi. Mtoto wangu mdogo aliambiwa Kibo ni mtu na Mawenzi ni jirani yake aliyekuja kuomba moto, na kila asubuhi huwaangalia kama wamepatana.

Watavaa nini?

Dar wanapanda na fulana, Same alfajiri wanatafuta sweta. Juni hadi Agosti Moshi ni baridi kwa mtoto wa pwani, na mkipanda kuelekea vijijini, Marangu au Kibosho, ni baridi kweli. Soksi, kofia, sweta moja nzito kila mmoja. Neti tunazo.

Tushuke Moshi au tuendelee mpaka Arusha?

Kama rafiki yenu anaishi Arusha, endeleeni. Mtapita Rundugai na Usa River, mlima ukiwa kulia na Meru mbele yenu. Kama mnakuja kwangu na mnataka tu "kuionja Arusha", shukeni hapa. Baada ya usiku mzima, masaa mengine kwenye reli yanamchosha mtoto, na kwa barabara ni kama kilomita 80, kosta zipo kutwa. Huwa nashangaa watu wanaotaka miji miwili ndani ya Jumamosi moja.

Jumamosi mtatupeleka wapi?

Hapa mimi na wageni wangu huwa tunabishana. Wanakuja na orodha: Chemka, Materuni, Marangu, kahawa, mamba. Siku moja na nusu! Mara ya kwanza nilijaribu kuwaridhisha. Tulimaliza siku na watoto sita wanaolia kwenye Noah moja, na mimi na rafiki yangu, tuliokaa miaka minne bila kuonana, hatukuwa tumezungumza hata robo saa.

Sasa sheria ya nyumba ni hii. Mkifika mnaoga, mnakula, watoto wanaachiwa uani wacheze na wanangu. Watakuwa wameshajuana kabla hujamaliza kikombe cha chai. Jioni tunatembea, mnara wa saa, aiskrimu, basi. Jumapili asubuhi, kama hamrudi siku hiyo, mnachagua sehemu moja.

Chemka ni maji ya samawati chini ya mitini, upande wa Rundugai, unaingilia Boma Ng'ombe. Watu huita maji ya moto lakini ni ya uvuguvugu tu. Pazuri sana, ila pana kina na maji yanasukuma. Asiyejua kuogelea abaki pembeni na mtu mzima aliyemshika, si anayempiga picha. Barabara ina vumbi. Materuni kuna maporomoko marefu, lakini kuna kutembea kwenye njia inayoteleza, na mwenye miaka mitatu utambeba kwenda na kurudi. Kwa wadogo mimi hupendekeza msitu wa Rau, hapahapa mjini. Kuna kivuli na mbega juu ya miti, na mtoto akichoka mko nyumbani muda mfupi baadaye.

Watoto wangu hawapendi ndizi za kupika.

Hawajapikiwa. Mtori ni ndizi mshare na nyama, zimepondwa mpaka zikawa laini kama uji mzito. Mzazi aliyetoka kujifungua hulishwa huo, na hata mtoto asiye na meno anaumudu. Machalari, ndizi za kupikwa na nyama bila kupondwa, nitawapikia wakubwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, ni ya baba, na si kabla ya kula. Kama mtoto atakataa kabisa, wali upo, hatugombani.

Tukuletee nini?

Nazi. Nne au tano, huku zina bei. Na samaki wa kukaanga kama mtaweza kumfunga asinuke chumba kizima. Msilete katoni ya soda, maduka yapo. Mkiondoka mtapewa mkungu na parachichi, msikatae na msiseme begi limejaa. Acheni nafasi.

Mtoto akiugua?

Mjini kuna Mawenzi, hospitali ya mkoa, na KCMC, ya rufaa, zote si mbali na kwangu. Kadi za bima bebeni, pamoja na dawa ya homa ambayo mtoto ameizoea. Mwenye pumu asisahau yake ya kuvuta. Alfajiri ya Same ina vumbi na baridi kwa pamoja.

Tutakuona wapi tukishuka?

Msitoke nje kwa haraka, bodaboda watawachanganya kwa maneno matamu. Shusheni watoto kwanza na mtu mzima mmoja, mizigo mpitishieni dirishani, kisha hesabuni vichwa, hesabuni na viatu. Mimi nitakuwa palepale kwenye kivuli cha stesheni, nimejifunga kitenge, na wanangu wawili wanabishana mabehewa ni mangapi. Yule mwenye sandali moja ndiye atakayewafikia wa kwanza. Ile ya kulia aliikataa isitupwe.